Mama Hakuruhusiwa Kulala Ubavu

Kwetu mgonjwa halali, mgonjwa anapokea wageni. Analazwa chali, miguu imenyooshwa pamoja, shuka limevutwa mpaka kifuani, kilemba kimefungwa vizuri, uso unaangalia mlangoni. Hivyo ndivyo mama yangu alivyolazwa kwenye nyumba ya kaka yangu pale Mwembesongo, na hivyo ndivyo alivyoozeshwa mgongo akiwa hai. Nasema alivyoozeshwa, sisemi alivyooza. Kuna watu walifanya. Majina yao sitaandika, lakini nitawataja kwa udugu wao na kila mmoja atajijua. Na mimi mwenyewe nimo.

Mama alikuwa mtu wa milimani. Umri wake ulikuwa themanini na kitu, hicho kitu hakuna aliyekiandika, na mwaka ule alikuwa bado analima magimbi na maharage kwenye shamba la ukoo wake huko juu. Asubuhi moja alianguka kwenye tuta. Nilimkuta mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kwenye udongo kama si wake. Wanaume wanne walimshusha kwa machela ya miti mpaka pale gari linapofika, na kutoka pale akapelekwa hospitali mjini. Wakasema kiharusi. Alikaa wodini wiki mbili.

Siku ya kuruhusiwa, kaka aliitwa ndani. Kaka yangu ni mwalimu mstaafu na siku hiyo alivaa koti. Mimi nilibaki kwenye korido nimeshika beseni na kandambili za mama. Walikaa naye kama robo saa, akatoka na bahasha kubwa ya kaki.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Dawa za presha, asubuhi na jioni. Na mazoezi ya mkono."

Basi. Robo saa nzima ya maneno, yakanifikia hayo tu. Sikuuliza zaidi kwa sababu mimi ni wa darasa la saba na kaka ndiye msomi wa nyumba yetu, tumezoea hivyo tangu utoto: karatasi zake, majembe yetu. Hakuna kikao kilichokaa kuamua nani atamtunza mama. Mimi sina mume, watoto wangu wameshaondoka, kwa hiyo ilionekana sina kazi. Bustani yangu ya karoti na kabichi huko juu haikuhesabiwa kuwa kazi. Niliiacha ikaliwa na magugu, nikashuka mjini na mfuko mmoja wa nguo.

Mama alipewa chumba cha wageni. Kitanda kilibanwa kwenye ukuta, ili chumba kiwe na nafasi ya viti. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililotumaliza. Akilala ubavu wa kulia, ule uliokufa, bega linamuuma, hatulii. Akilala ubavu wa kushoto, uso unakwenda ukutani, na mlangoni kunabaki mgongo wake. Kwa hiyo alilala chali.

Wifi yangu, mke wa kaka, yeye alileta mpira wa meza, ule wa nailoni wenye maua, akautandika juu ya godoro chini ya shuka.

"Wifi, hili godoro ni jipya," akaniambia. "Mkojo ukishaingia kwenye sponji hautoki tena."

Sikumlaumu wakati ule. Alinunua pampasi za watu wazima kwa mshahara wake, na wapo wakamwana wasiofanya hata hilo. Lakini Morogoro ya Januari mnaijua. Nikimwinua mama kumwosha, shuka lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho, na ule mpira chini yake una joto kama umetoka kuanikwa.

Wiki ya tatu, namwosha, nikaona alama. Ilikuwa pale chini kabisa ya kiuno, mfupa unapoanza kuingia katikati ya makalio. Nyekundu, ukubwa wa kizibo cha soda. Ngozi ilikuwa haijachubuka. Ila haikuwa rangi yake. Sikuwa najua jina la kitu kile, lakini mimi ni mtu wa kubeba mizigo, najua mzigo unavyofanya bega. Nikajisemea, huyu amelalia mahali pamoja mno. Nikamgeuza ubavu wa kushoto, uso ukutani, nikamwekea mto mgongoni asirudi nyuma. Akapumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua ndoo, akalala.

Alilala hivyo hata nusu saa haijaisha. Wakaja watu wa jumuiya.

Kaka akatangulia kuingia chumbani. "Mgeuze mama, watu wameshafika."

"Kaka, amelala kidogo. Mgongo umekuwa mwekundu."

"Sasa watu wasalimie kisogo?"

Nikamgeuza. Wakaingia kumi na wawili, viti havikutosha, wengine wakasimama. Rozari yote, nyimbo tatu, neno la mwenyekiti, neno la katibu, chai, maandazi, habari za harusi ya mtu. Wameondoka jua linazama. Na wote wakimwinamia mama: "Shikamoo bibi. Umependeza! Umekuwa mtoto." "Bibi anakula vizuri, anang'aa." "Bibi umekuwa mzungu siku hizi, unalala mchana!" Mama anacheka na nusu ya mdomo iliyobaki, anajaribu kusema marahaba. Alipenda watu, sikatai. Na wifi amesimama mlangoni anapokea sifa: "Tunajitahidi jamani, tunajitahidi."

Hawakuwa watu wabaya. Ndiyo maana nina uchungu zaidi. Mtu mbaya ungemfungia geti. Hawa walikuja na sukari, na sabuni, na machungwa, wakaketi juu ya mgongo wa mama yangu saa mbili, saa tatu, na kesho yake wakaja wengine. Jumuiya leo, kwaya kesho, walimu waliofundisha na kaka Jumamosi, ndugu wa Turiani Jumapili. Kila nikimweka ubavu, geti linalia. Mwisho nikawa simgeuzi tena mchana, maana yake nini kumsumbua mtu mara nne kwa saa moja? Nilikuwa namsubirisha mpaka wageni waishe. Hawakuisha.

Kaka nilimwambia. Nilimwambia mara ya kwanza bombani, akijaza ndoo ya kuoshea gari. Nikasema mgongo wa mama una wekundu usiopotea. Akasema, "Hako ni kamchubuko tu, paka mafuta." Sasa hapa pana kitu ambacho mtu wa mbali anaweza asikielewe. Kile kidonda kilikuwa mahali ambapo mtoto wa kiume haangalii. Kaka hawezi kuinua shuka la mama yake akamtazama makalio, afadhali aone moto. Yeye mama yake alimjua kwa uso. Wageni wote walimjua kwa uso, na uso nilikuwa naupaka mafuta kila asubuhi, unang'aa kweli. Mgongo niliujua mimi peke yangu.

Nikapaka mafuta, kama alivyosema. Mafuta ya nazi, na kusugua, nasugua palepale pekundu kwa kiganja, kwa nguvu, nikidhani naamsha damu. Mama anauma shuka kwa meno. Nikimaliza pamekuwa pekundu zaidi, nasema dawa inafanya kazi.

Halafu nikafanya kosa langu kubwa, na hili hakunituma mtu.

Sisi wa milimani kila kitu tunakishusha kwa kichwa. Mwanamke hawezi kuweka kapu la karoti kichwani bila kata. Unachukua kanga kuukuu, unaisokota, unaizungusha, inakuwa pete nene yenye shimo katikati, unaiweka utosini halafu mzigo juu yake. Mama ndiye aliyenifundisha kusokota kata nikiwa na miaka sita au saba. Nikawaza hivi: kama kata inalinda utosi, italinda na mfupa. Nikachukua kanga zangu mbili nzuri, nikasokota kata kubwa, imebana, nikaiweka chini ya mama, ile alama nyekundu ikae juu ya shimo, isiguse kitu. Nilijiona nina akili. Nakumbuka nilimwonyesha wifi, naye akasema, "Lo, wifi, wewe ungesoma ungekuwa daktari."

Mama alikalia ile kata miezi mitatu, usiku na mchana. Namtoa namwosha, namrudisha juu yake.

Ngozi ilipasuka siku ya nne. Nilidhani kata imechelewa, nikaisokota nene zaidi. Kikawa kidonda cha majimaji. Nikaweka dawa ya bluu, nikaweka poda, nikaweka na unga wa vidonge nilivyouziwa dukani, kila mtu aliyepita alikuwa na dawa yake. Kikaota kitu cheusi juu, kigumu kama ngozi ya kiatu, nikafurahi, nikasema kimekauka. Nikamwambia kaka, hiyo mara ya pili, tukiwa mezani: kaka, kile kidonda kimekuwa cheusi. Akaangalia sahani yake. "Tusiongelee hayo kwenye chakula." Mara ya tatu nilimwambia njiani tukitoka kanisani, akasema atamwuliza mtu. Sijui mtu huyo ni nani. Labda bado wanatafutana.

Ndipo ikaja harufu. Kwanza niliisikia mimi nikifunua shuka, halafu ikawa inasikika hata shuka likiwa limefunikwa. Wifi akaanza kupuliza dawa ile ya chumbani yenye harufu ya maua, asubuhi na jioni.

"Wifi, unambadilisha kwa wakati kweli?" akaniuliza siku moja, sauti ndogo, ya adabu.

"Namwosha mara tatu kwa siku."

"Sisemi humwoshi. Nasema labda ni maji yanakuwa machache."

Nilimwangalia. Ningeweza kumshika mkono nikampeleka, nikamwambia inua, tazama. Sikufanya. Nilikuwa naona aibu. Nilijua ni uzembe wangu, maana mwenye kumwosha ni mimi, kwa hiyo nilificha. Andikeni na hilo kwenye orodha yangu. Wageni nao wakawa wanaketi karibu na dirisha. Hakuna aliyeuliza. Watu waliostaarabika sana. Wanakunja pua, wanasema, "Bibi amependeza."

Aliyeuliza ni mtani.

Ukoo wetu una watani wake huko milimani, watu wa ukoo mwingine ambao tunataniana nao tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana msibani, anaweza kuchukua kuku wako akala mbele yako, na wewe unacheka. Huyu alikuwa mwanamke mkubwa, rika linalokaribia la mama, mguu mmoja unachechemea. Alishuka na basi dogo, akaingia bila hodi, akapita sebuleni ambako kaka alikuwa na walimu wenzake wanne wanakunywa chai, akaja moja kwa moja chumbani.

"We mchawi," akamwambia mama, "kumbe umejificha huku! Jembe langu liko wapi?"

Mama akachangamka, macho yakamtoka. Akasema kitu, kikatoka "sina".

"Huna? Umelalia! Watu wa ukoo wenu ndivyo mlivyo, mkiazima kitu mnajifanya mmepooza." Kisha akanusa. "Na nyumba hii mmeficha nini? Mzoga? Mmeua panya mnamla kwa siri?"

Walimu sebuleni wakaangua kicheko. Wanajua utani. Hata kaka nilimsikia anacheka.

"Sogea huko, we mtoto," akaniambia, "nitafute jembe langu." Na hapohapo akalivuta shuka, akamshika mama bega na nyonga, akamgeuzia ukutani kwa nguvu moja.

Nilikuwa nimembadilisha muda si mrefu, kidonda kilikuwa na kitambaa juu yake. Kitambaa kikabaki kwenye kata. Lile gamba jeusi lilikuwa limeachia upande mmoja, chini yake pana shimo.

Mtani akaacha kutafuta jembe. Akamfunika mama vizuri, akampigapiga bega, akasema polepole, "Kaa nalo tu jembe, mtani wangu. Kaa nalo." Halafu akachechemea mpaka sebuleni, akasimama katikati ya vile vikombe.

"Nyie wasomi," akasema, "mnakunywa chai, mama yenu anaoza. Na sitanii."

Kaka akasimama. "Mtani, bwana, hebu..."

"Nimekwambia sitanii! Hukunisikia? Ngumi yangu inaingia mgongoni kwa mama yako. Nenda kaangalie."

Hakwenda kuangalia. Hata siku ile hakwenda. Ila alikuja mpaka mlangoni, akaegemea fremu akiwa amegeuzia uso korido, akaniuliza, "Mbona hukusema?"

"Nilisema, kaka. Bombani nilisema. Mezani nilisema. Tukitoka kanisani nilisema."

"Ungesema kwa nguvu."

Maneno hayo sijayasamehe mpaka leo. Mtu mzima, mwalimu, amesimamia mitihani ya watoto wa watu miaka thelathini, anataka mdogo wake apige kelele ndipo ajue kwamba mama yake ana mgongo.

Jioni hiyohiyo alimleta nesi mmoja mstaafu anayekaa mitaa ya karibu, mama mfupi, mkali, na begi lake. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Alipoona kata akaishika kwa vidole viwili.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi."

"Ulitaka isiguse."

"Ndiyo."

"Umewahi kumfunga mtu uzi kwenye kidole? Kidole kinakuwaje?" Akaizungusha kata hewani. "Hii ndiyo uzi. Imebana damu duara zima, pale katikati pamekosa kila kitu. Pamekufa." Aliponiona nimekaa chini akasema, "Si wewe peke yako. Hata hospitali zamani tuliwawekea mpira wa pete wa kujaza upepo. Inuka, nataka mikono yako."

Alikata ile nyama nyeusi kwa mkasi mdogo. Mama hakulia, nyama iliyokufa haiumi. Alikuja kulia pale nesi alipofika kwenye nyama nyekundu, na nesi akasema vizuri, hapo ndipo mama anapoanzia.

Halafu akaomba karatasi za hospitali. Kaka akaileta ile bahasha ya kaki kutoka juu ya kabati. Ndani, nyuma ya picha ya kichwa, palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa. Ilikuwa kwa Kiswahili. Ilisema mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Asiburuzwe kwenye shuka, ainuliwe. Mto uwekwe katikati ya magoti, na chini ya miguu ili visigino vining'inie. Asilalie nailoni. Ngozi iangaliwe kila siku kwenye mifupa yote, wekundu usiopotea usisuguliwe. Ale mayai, samaki, maharage. Niliisoma yote nimesimama, mimi wa darasa la saba, na hakuna neno hata moja lililonishinda. Ilikuwa imekaa juu ya kabati miezi mitano, mita mbili kutoka kwenye mgongo wa mama.

"Mwalimu," nesi akamwambia kaka, "hii hukuisoma?"

"Nilisoma upande wa dawa."

Nesi akachana ule mpira wa maua, akautupa mlangoni. Wifi akauokota. Halafu nesi akakiangalia kitanda.

"Na hiki mbona mmekibana ukutani?"

Kaka akaangalia vile viti.

"Kivuteni katikati. Akiangalia huku, mgeni anakuja huku. Akiangalia kule, mgeni anazunguka. Mgeni ana miguu."

Kaka akashika upande wa kichwani, mimi miguuni, tukavuta. Haikuchukua dakika. Viti viwili vikatolewa nje, basi, imekwisha. Nilitamani kumpiga mtu. Miezi mitano tunachagua kati ya ngozi ya mama na heshima ya wageni, na jibu lilikuwa kusogeza kitanda. Hakuna kichwa hata kimoja kilichowaza, cha msomi wala changu.

Kuanzia hapo nilimgeuza kwa kengele ya simu. Saa mbili, kulia kidogo na mto chini ya lile bega bovu. Saa mbili, kushoto. Chali nesi aliikataza kabisa mpaka kidonda kifunge. Wifi, simpunguzii kosa lake, lakini alijifunza kushika kanga upande wa pili tukamwinua mama bila kumburuza, na jioni akitoka kazini alikuwa anauliza kwanza, "Amegeuzwa saa ngapi?" kabla hajavua viatu. Nesi alikuja kila baada ya siku mbili. Tuliosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Mama alikula mayai mpaka akayachukia. Na lile shimo likaanza kujaa. Nyama nyekundu, safi, yenye vipunjepunje kama punje za komamanga. Nilikuwa naipima kwa kijiti cha pamba, nakata alama kwa kucha, na kila wiki kijiti kinaingia pungufu kuliko wiki iliyopita. Nilianza kusema kimoyomoyo, tunashinda.

Alikufa Jumatano, mwezi wa saba tangu aanguke. Homa ilianza Jumatatu, kifua kikajaa, hospitali hakumaliza siku mbili. Daktari safari hii aliniita na mimi. Alisema homa imepanda kifuani, na kwamba kidonda kikubwa vile hula nguvu za mwili kwa muda mrefu, hata kikianza kupona, ugonjwa wowote ukija unamkuta mtu hana kitu cha kupigania. Kanisani kaka alisoma wasifu. Kiharusi, akasoma, na kutunzwa kwa upendo na familia nzima. Watu wakaguna kwa kukubali, maana walikuwa wamemwona kwa macho yao, kila wiki, amependeza.

Lakini ninalotaka kulisema ni la Jumamosi, siku mbili kabla ya homa.

Walikuja wanawake wa kijijini kwetu. Walikodi kigari cha mizigo, wameshuka milima yote wamesimama nyuma, kumi na mmoja, wazee watupu, waliolima naye, waliobeba naye mizigo kwenye njia ileile ujana wao wote. Wengine nilijua hawatarudi tena mjini, na mama alijua. Nilikuwa nimemweka ubavu wa kushoto robo saa tu iliyopita. Uso wake unaangalia ukuta. Wao wakaingia mlangoni, wakajaa nyuma yake.

Niliwaambia, "Mama zangu, zungukeni huku, anaangalia huku." Wakaanza kuzunguka, lakini ile nafasi ya ukutani inachukua watu watatu, wanne wakibanana. Waliobaki nyuma wakaanza kuimba, wimbo wa kwetu wa kupandia maharage, na kupiga makofi polepole. Mama akazisikia sauti. Alikuwa anajua ni nani na nani, nikaona midomo inawahesabu. Akashika ukingo wa kitanda kwa mkono mzima.

"Nigeuze," akasema. Tangu aanguke alikuwa hajasema neno lililonyooka hivyo.

"Mama, watakuja huku mmoja mmoja."

"Nigeuze. Niwaone."

"Mgongo, mama. Kidonda kinapona. Subiri kidogo."

Akajisukuma. Mkono mmoja ule, mwembamba, na bega likaanza kurudi nyuma, analala chali mwenyewe. Mto ukateleza. Mimi nikaweka kiganja kwenye bega lake, nikamzuia. Nikaliona lile shimo akilini mwangu, zile nyama mpya, kijiti changu cha pamba. Nikamshikilia. Yeye anasukuma, mimi nashikilia, wao wanaimba. Mmoja wa wale wazee akasema, "Mwache, mwanangu, atuone," nikajibu hapana kwa sauti ambayo nadhani ndiyo ile ya nguvu aliyoitaka kaka.

Mama akaacha kusukuma. Akanigeuzia jicho.

"Huna adabu," akasema.

Wakamaliza wimbo. Walizunguka wanne wanne, wakamshika mkono, wakamsalimia, hakuwajibu, alikuwa amefumba macho. Hakuniambia neno lingine Jumamosi hiyo wala Jumapili, na Jumatatu homa ikaja.

Kigari kilipiga honi nje, wakatoka mmoja mmoja wakisema kwaheri kwa mgongo wake. Nami nikabaki pale nimemshika bega, asirudi nyuma, mpaka saa mbili zilipotimia na simu ikalia.